Lugha Aliyoificha Dobi

Mtaani walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Masikio yake yalikuwa mazima na ulimi wake mzima, na kwa kazi ya udobi hakuwa na mpinzani. Shati liliingia kibandani kwake limejikunja kama karatasi ya kufungia karanga, likatoka limenyooka, kola imesimama, mikono imelala sambamba kama watoto wenye adabu. Watu wa maofisini walimwachia nguo asubuhi wakazipitia jioni, na mambo yote yalikwenda kwa ishara. Aliinua kidole kuonyesha doa. Alitikisa kichwa kama halitoki, akatabasamu kama litatoka. Akizidiwa sana alisema, "Kesho."

Mkewe alikuwa na genge la mboga ubavuni mwa kibanda hicho, na ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Kwa kweli alisema kwa niaba ya watu kama sita.

"Mimi nimeolewa na kabati," aliwaambia wateja. "Zuri, imara, lakini ukiligonga halijibu."

Wateja walicheka, na yeye Bubu akacheka kimoyomoyo, huku akinyunyiza maji ya wanga juu ya suruali ya karani fulani.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, katika nchi jirani, akavuka akiwa kijana ambaye ndevu bado zinamtania. Kiswahili alikiokota njiani, vipande vipande. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na hapo ndipo masaibu yake yalipoanzia. Asubuhi moja mvua iliwawahi kabla hawajaanua. Akakimbia kwa msimamizi, anahema, akamwambia, "Bwana mkubwa, shuka zote zimeolewa!"

Msimamizi akamtazama. "Zimeolewa? Na mahari amepokea nani?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mtu mmoja alicheka mpaka akakaa ndani ya beseni. Kwa majuma mazima hakuna aliyempita bila kumuuliza habari za mashemeji zake, au kama shuka zimeshapata mimba. Alicheka nao, maana asiyecheka huchekwa zaidi. Kisha aliingia chumba cha nyuma, akainamia rundo la mataulo, akawa anayaambia: zimelowa, zimelowa, zimelowa. Tangu hapo akawa anayapima maneno kabla ya kuyatoa, na mengi aliyapima akayarudisha.

Kama ingekuwa utani tu, angepona. Utani haujamuua mtu. Lakini ulikuja msimu ambao wakubwa wa nchi hizi mbili waligombana, na wakubwa wakigombana wanaotafutwa ni wadogo. Askari walisimama kwenye kona za mitaa wakiwasimamisha wapita njia. Hawakuuliza vitambulisho kwanza. Walikusalimia tu, wakakutaka uhesabu, utaje vitu vya sokoni, huku wakiusikiliza ulimi wako. Ukiteleza, lori lilikuwa pale pale.

Kijana mwenzake wa kwao, aliyekuwa akipiga pasi meza ya pili, alitoka mara moja kwenda kununua mkaa. Alisalimiwa, akaitikia. Hakurudi. Pasi yake ilibaki mezani inawaka mpaka Bubu alipokwenda kuyamwaga makaa yake.

Yeye mwenyewe aliokolewa na mwanamke huyu wa genge. Wakati huo walikuwa wachumba tu. Askari alipowasimamisha, yule binti alitangulia mbele kama kuku mwenye vifaranga.

"Huyu ni mume wangu. Hasemi, afande. Bubu wa kuzaliwa."

Askari akamzunguka kwa nyuma, akampigia ukelele sikioni. Hakushtuka. Alisikia kila kitu, lakini uso ulibaki vile vile. Wakaachiliwa. Usiku ule jina likampata, na jina lenyewe likawa ndicho kitambulisho chake.

Dhoruba ikapita. Wakubwa wakapatana, wakapiga picha wameshikana mikono, na yeye akapata makaratasi yake halali. Lakini hofu haina habari za wakubwa kupatana. Ilibaki kinywani mwake kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Binti yao alipozaliwa, Bubu alimpa jina la mama yake mzazi, na kwa hiyo alimwita "mama". Desturi hiyo ndiyo pekee ya kwao aliyompa, na hata hilo "mama" alilitamka kwa Kiswahili. Siku moja mkewe aliingia chumbani akamkuta amembeba mtoto anamwimbia kikwao, wimbo mrefu wenye pumzi nyingi, na mtoto amemkazia macho kama anayejua kila neno.

"Endelea basi," mkewe akamwambia taratibu. "Tamu hiyo."

Yeye akamlaza mtoto. "Alikuwa analia," akasema, akatoka.

Jioni ile mkewe alimshikia bango. "Mfundishe mtoto lugha yenu. Mtu hukosa vingine, lugha anapewa bure."

"Ataisemea wapi? Barabarani?"

"Hayo yamepita, bwana."

"Yamepita kwako," alijibu. Hakuna aliyelirudia jambo lile.

Mtoto alipofika umri wa kuulizauliza, bibi yake akavuka mto kuja kumtazama. Mkongwe alikaa kwao majuma kadhaa. Alimsuka mjukuu nywele, alimsugua mgongo, alimwambia mambo marefu, na mtoto akatabasamu bila kujua anatabasamia nini. Bubu alikaa kati yao akitafsiri kwa sauti ya chini, dirisha limefungwa. Siku ya kuondoka mkongwe alimshika mwanawe mkono.

"Nimemwona mjukuu wangu kama mtu anavyoona picha," alisema. "Ni mzuri. Lakini picha haikuiti."

Hakuja tena. Zilipokuja habari za msiba, Bubu alipiga pasi mchana kutwa bila kuinua kichwa, na wateja hawakujua lolote. Wangejuaje? Bubu ni bubu.

Binti alikua, akasoma, akamaliza, akajiunga na jeshi kubwa la watu wanaotafuta kazi. Alivaa nguo alizonyooshewa na baba yake, akapanda ngazi za watu na kuzishuka. Hapa aliambiwa nafasi hakuna, pale aliambiwa uzoefu hakuna. Kisha likatoka tangazo. Kampuni moja ya kuuza pampu za maji ilikuwa imefungua tawi ng'ambo ya mto, nayo ilitaka vijana wa kupokea simu za wateja kwa lugha mbili: Kiswahili, na kile kile kikwao cha Bubu. Mshahara mzuri, mafunzo yapo, na kupanda cheo kunawezekana.

Binti akaomba. Mahali pa kujaza lugha akajaza mbili, maana jina la ukoo wake lilikuwa la kule, na alidhani jina litamsaidia kubeba mzigo. Wakamwita kwenye usaili.

Alikwenda kibandani akasimama mbele ya meza ya pasi.

"Baba, nimesema uongo kidogo."

Bubu akainua kichwa.

"Nimesema najua kikwenu. Nifundishe uongo wangu uwe kweli. Wamenipa kama majuma mawili."

Mkewe akachungulia kutoka gengeni, mkononi ana fungu la mchicha. "Haya sasa! Kabati limegongwa."

Bubu aliiweka pasi wima. Alilikunja shati lililokuwa mezani, akalitia kwenye rundo, hata binti akadhani amekataa. Kisha akafungua kinywa, akamsalimia kikwao, salamu ndefu ya kule inayouliza habari za nyumba, za mifugo, za waliolala na za walioamka.

Binti akairudia. Ilitoka kombo, lakini ilitoka.

Zile siku zilizofuata zilikuwa za furaha kuliko nyingi alizowahi kuziona. Alipiga pasi anasema, anakunja anasema, anatundika anasema. Wateja walisimama mlangoni midomo wazi. "Bubu anaongea!" mmoja aliita, na mkewe akamjibu, "Anaongea, ila usimchokoze, alikuwa ameyahifadhi maneno ya miaka." Binti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akirudia kila neno. Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Mara nyingine alilitamka neno kwa sauti ile ile ya bibi yake, na Bubu akalazimika kugeuka kutafuta kitu kisichokuwepo kwenye rafu. Aliwaza: kumbe mbegu ilikuwa humu humu. Kumbe ningeitia maji kidogo tu, ingeota zamani.

Ila walipofika kwenye maneno ya kazi, alikwama. Alikuwa ameiacha lugha ile akiwa kijana, na lugha haikumngojea. Alijua majina ya mvua za aina zote, alijua matusi, alijua maneno ya kumbembeleza ng'ombe mgumu. Hakujua "mkataba". Hakujua "dhamana". Hata "pampu" hakuijua, maana alipoondoka, maji kule yalivutwa kwa kamba.

"Tuseme 'ndoo inayojipandisha yenyewe'," alipendekeza mwishowe.

Binti alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Wakaliacha hivyo hivyo.

Siku ya usaili alimsindikiza. Alibeba jaketi la binti kwenye henga, mkono ameuinua juu njia nzima ili lisipate mkunjo, na alimvalisha mlangoni mwa jengo. Ndani kulikuwa na sakafu ing'aayo, viti vya ngozi, mashine ya maji baridi, na mlinzi mrefu mwenye sare iliyonyooshwa vibaya. Binti akaingia chumba cha vioo. Bubu akakaa na henga yake mapajani.

Yaliyosemwa mle ndani aliyajua baadaye, kwa mdomo wa binti yake. Msaili alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa ng'ambo. Alianza kwa kikwao, na binti akamtandikia ile salamu ndefu yote, nyumba, mifugo, waliolala na walioamka. Yule mama alishika kifua. Akamuuliza habari za pampu, na binti, kwa kukosa jingine, akasema ndoo inayojipandisha yenyewe. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

"Unaongea kama bibi yangu, Mungu amrehemu," alimwambia. "Nani aliyekufundisha?"

"Baba."

Alipoulizwa zaidi ya hapo, binti alipotea, na msaili akaona. Lakini hakumfukuza. Alisema matamshi hayanunuliwi, na maneno ya kazi yanafundishika. Kama nyumbani yupo mtu wa kuzungumza naye kila siku, angempokea kwa majaribio.

"Yupo," binti akasema. "Amekaa hapo nje."

"Hebu nikamsalimie."

Bubu aliona mlango wa kioo unafunguka. Mama aliyevaa vizuri alikuwa anamjia, binti nyuma yake anang'aa kama kikombe kipya. Wakati ule ule mlinzi alisogea kumpisha, akasimama karibu kabisa na kiti chake, mikono nyuma. Mama yule akainama kidogo kwa heshima, akamwambia kikwao, kwa sauti safi ambayo wote waliokuwa pale waliisikia, "Baba, wewe ni mwenyeji wa wapi kule?"

Swali lilikuwa la mapenzi. Lakini Bubu alisikia swali la kona ya mtaa. Aliona sare pembeni mwa jicho lake, aliona watu waliogeuka kutazama, na kinywa chake kikafunga chenyewe, kama mlango unaosukumwa na upepo. Akatikisa kichwa.

"Sielewi," akasema kwa Kiswahili. "Samahani, mama. Mimi si wa huko."

Yule mama akanyooka. Alimtazama binti, akamtazama baba, akamrudia binti. Uso wake haukukasirika, ulipoa tu.

"Basi," alisema. "Tutakupigia simu."

Waliotafuta kazi wanaijua maana ya maneno hayo.

Wakatoka nje, wakaelekea nyumbani. Walipofika mahali pa kuvukia barabara, binti akasema bila kumtazama, "Ungesema hata neno moja, baba."

"Nilitaka."

"Salamu tu. Ameniona mwongo."

Magari yakapita, wao wamesimama. Alitaka kumwambia habari za pasi iliyobaki inawaka mezani, habari za askari na ukelele wa sikioni, mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata siku moja, ili yasimtie hofu. Lakini pale barabarani hayakuwa na pa kuanzia. Akasema, "Tuvuke."

Mkewe aliposikia alirudi gengeni. Alipanga nyanya zake, akazipangua, akazipanga tena.

"Mimi ndiye niliyekuita bubu," alisema hatimaye. "Nilidhani nakuvusha siku moja. Kumbe nimekupa jina la maisha."

"Uliniokoa."

"Nilikuokoa, ndiyo. Sikujua nakutoa pamoja na hofu."

Kesho yake Bubu hakufungua kibanda. Alinyoosha shati lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akarudi kwenye lile jengo. Alimpita mlinzi, jasho linamtoka, akasimama mapokezi akasema anamtaka mama wa pampu. Mama yule alipotoka, Bubu alianza kusema kabla hajakaribishwa. Alisema kikwao. Alimtajia kijiji chake, kilima kilicho nyuma yake, ukoo wa mama yake. Alimwambia habari za lori. Sauti ilimtetemeka mwanzoni kama mtu anayetembea baada ya kuugua, kisha ikashika njia.

Yule mama alimkalisha, akakaa naye, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na jana uliogopa nini, baba?"

"Yule." Akaonyesha kwa kidevu.

Mama akageuka. Mlinzi alikuwa amesinzia kwenye kiti, kofia imemwangukia puani.

"Yule hata filimbi hana," mama yule alisema, na wote wawili wakacheka, kisha kicheko kikawaishia pamoja.

"Binti yangu hakudanganya," Bubu alisema. "Mwongo ni mimi."

"Sasa najua. Lakini jana jioni nimemwita mwingine, na ameshasaini. Nafasi zote zimejaa." Alivua miwani. "Ungesema jana, baba yangu, leo angekuwa mezani kwake."

Hakulisema kwa ubaya. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamfundisha neno la kule la pampu, akaahidi kuwakumbuka nafasi ikitokea. Labda angetimiza. Lakini baada ya muda alihamishiwa mji mwingine, na aliyekuja mahali pake hakumjua dobi wala binti wa dobi.

Jioni Bubu alimweleza binti yake kila kitu: mataulo aliyoyasemesha, mkaa, lori, na alikokwenda asubuhi ile. Binti alisikiliza, akalia kidogo, akamshika mkono.

"Pole, baba. Ungeniambia zamani, ningejua."

"Tuendelee basi na masomo," akasema. "Neno la pampu nimelipata."

"Nimechoka, baba. Siku nyingine."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwake Bubu yalifika mapema, mjukuu mwenyewe hajazaliwa.

Haukupita mwaka binti akapata kazi mji wa mbali, dirisha la kukatia tiketi za mabasi, kazi ya lugha moja. Bubu alimpigia pasi nguo zote za safari, hata zile zisizohitaji. Kwenye kazi ile binti hakufanya vibaya. Wanasema ana sauti nzuri, abiria wanamsikia hata dirisha likiwa limejaa watu. Huwapigia simu mara kwa mara. Baba yake humwanza kikwao, salamu yote ndefu, taratibu, kila neno mahali pake. Binti humwacha amalize, maana ana adabu, kisha humjibu kwa Kiswahili.

"Salama, baba. Nyie hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

Siku hizi kibandani anaongea. Wateja wameshamzoea, na wapo wanaomwona mwongeaji kupita kiasi. Simu ikishakatwa, humtazama mkewe gengeni, na mkewe, kwa kumwonea huruma, humuuliza kana kwamba wameongea kikwao, "Amesema nini?" Naye humjibu kwamba mtoto ni mzima, kazi nzuri, ana mafua kidogo. Hamlaumu. Kwa lipi? Alimpa kila alichokuwa nacho isipokuwa kimoja, na kile kimoja alimpa mtoto akiwa tayari ana haraka ya kwenda.